Kabla ya Kununua Kadi Mpya: Dalili za Miwani ya Uhalisia Pepe Inayosumbua na Vyanzo Vyake

Anayecheza mchezo kwenye kioo cha kawaida anaweza kuvumilia picha inayokatakata. Ataudhika kidogo, kisha ataendelea. Aliyevaa miwani ya uhalisia pepe (VR) hana nafasi hiyo, kwa sababu picha inapochelewa kuifuata shingo yake, macho humwambia jambo moja na sikio la ndani jambo jingine, na baada ya dakika chache kichwa humuuma, jasho jembamba humtoka na tumbo humchafuka. Ndiyo maana wengi, wakishapatwa na maudhi hayo mara mbili tatu, hukimbilia dukani kununua kadi ya michoro, yaani sehemu ya kompyuta inayochora picha, iliyo kubwa kadiri mfuko unavyoruhusu. Fedha nyingi hupotea hapo. Kadi moja ina nguvu ya kuchora, ina kumbukumbu yake, ina sehemu ya kusimba (kubana) video, ina matundu ya kutolea picha na ina mahitaji yake ya umeme, na kila kimojawapo kikipungua hutoa dalili yake. Anayezisoma dalili hizo kwa makini hujua ni kipi hasa cha kutafuta katika kadi mpya, na mara nyingine hugundua kwamba kadi aliyonayo haina kosa lolote.

Uzito wa kazi yenyewe

Tuanze na hesabu, kwa kuwa bila hesabu hii dalili zinazofuata hazitaeleweka. Miwani ya Meta Quest 3, iliyotoka Oktoba 2023, ina pikseli 2064 kwa 2208 kwa kila jicho. Kwa macho mawili hizo ni zaidi ya milioni 9, na miwani ikionyesha picha 90 kwa sekunde, zinafika karibu pikseli milioni 820 kila sekunde. Kioo cha kawaida cha 1920 kwa 1080 kinachoonyesha picha 60 kwa sekunde hudai takriban milioni 124 tu. Tena hesabu hiyo ni ya chini, kwa sababu lenzi huipinda picha, na ili ionekane imenyooka machoni, programu hulazimika kuchora picha kubwa kuliko kioo chenyewe kisha kuipinda upande wa pili. HTC Vive ya mwaka 2016, kwa mfano, ina kioo cha 1080 kwa 1200 kwa kila jicho, lakini SteamVR, programu inayoendesha miwani kwenye kompyuta, kwa kawaida huichorea 1512 kwa 1680, yaani karibu mara mbili ya pikseli zinazoonekana.

Jambo la pili ni muda. Miwani ya 72 Hz, yaani inayoonyesha picha 72 kwa sekunde, huipa kompyuta milisekunde 13.9 kukamilisha kila fremu, yaani kila picha moja. Ya 90 Hz, milisekunde 11.1; ya 120 Hz, milisekunde 8.3, nayo miwani ya Valve Index ikiwekwa kwenye 144 Hz huacha milisekunde 6.9 tu. Fremu iliyochelewa kwa nusu ya milisekunde ni sawa na iliyochelewa kwa milisekunde tano: zote mbili zimeikosa zamu yake. Kwa hiyo wastani wa fremu kwa sekunde, ambao ndio unaotangazwa katika majaribio mengi ya kadi, hautoshi kutuongoza. Kadi yenye wastani wa fremu 100 lakini inayojikwaa kila baada ya sekunde chache itakuchefua kuliko kadi yenye wastani wa 92 isiyojikwaa kamwe.

Pima kwanza

Kabla ya kulaumu kitu chochote, fungua grafu ya muda wa fremu. SteamVR inayo katika mipangilio yake, programu ya fpsVR huionyesha ndani ya miwani huku ukicheza, na watumiaji wa Quest wanaounganisha kwa kebo wanaweza kuipata kupitia Oculus Debug Tool. Grafu hizi hutenganisha muda unaotumiwa na prosesa (ubongo wa kompyuta) na muda unaotumiwa na kadi ya michoro, na utenganisho huo ndio msingi wa uchunguzi wote.

Kwa asiyependa grafu lipo jaribio rahisi, nalo ndilo ninaloanza nalo kila mara. Ingia katika mipangilio ya SteamVR, ushushe idadi ya pikseli za kuchora hadi asilimia 50, kisha urudi mahali pale pale kwenye mchezo palipokuwa panakwama. Ukwamaji ukitoweka, kadi ilikuwa imeelemewa. Ukibaki vilevile, nguvu ya kuchora haihusiki, na isipokuwa kama kumbukumbu ya kadi imejaa, hata ukinunua iliyo ghali kuliko zote sokoni utaendelea kukwama, kwa kuwa kazi inayochelewa iko kwenye prosesa, kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) au kwenye njia ya kupeleka picha.

Picha inakatakata muda wote, na kingo za vitu zinatetemeka kama maji

Ukisogeza mkono mbele ya uso unaona vivuli viwili vya mkono mmoja. Ukipita karibu na nguzo au uzio, kingo zake zinajikunja. Na kipimo cha fremu kimeganda kwenye 45 wakati miwani ni ya 90 Hz, au kwenye 36 wakati ni ya 72 Hz. Hii ndiyo dalili ya wazi kabisa ya kadi isiyo na nguvu ya kutosha. Kinachotokea ni kwamba programu ya miwani, ikiona kadi haiwezi kumaliza fremu kwa wakati, huipunguzia kazi hadi nusu, na yenyewe hubuni fremu zinazokosekana kwa kukisia vitu vinaelekea wapi. Ukisio huo husaidia sana kwa mandhari yaliyotulia, lakini hukosea kwenye vitu vyembamba, vinavyong'aa au vinavyopita haraka mbele ya vingine. Oculus, waliotengeneza miwani ya Rift, walileta mbinu hiyo mwaka 2016, na ndiyo iliyowawezesha kushusha kiwango cha chini cha kadi kwa Rift kutoka GTX 970 hadi GTX 960, zote kadi za kampuni ya NVIDIA. Ni msaada wa dharura. Anayenunua kadi akitegemea kuishi humo kila siku amejinyima.

Kabla ya kutoa fedha, shusha kasi ya miwani. Quest inaruhusu 72 Hz, Index inaruhusu 80 Hz, na kadi iliyokuwa ikihitaji milisekunde 12 kwa fremu, ambayo kwa 90 Hz ilikuwa ikishindwa kila mara, kwa kasi hizo itafika kwa wakati bila kubadilishwa chochote. Kisha punguza vivuli na ulainishaji wa kingo ndani ya mchezo, kwani vivuli hula muda mwingi kuliko faida yake machoni. Kama bado fremu zinachelewa, hapo kweli kadi imefika mwisho wake.

Ya kuchagua ni ipi? Jibu linategemea miwani kuliko linavyotegemea mchezo. Kwa miwani ya kizazi cha 2016, yaani Rift ya kwanza na Vive, kadi ya kiwango cha GTX 1060 yenye GB 6 au RX 580 ya kampuni ya AMD bado inafaa, na hizo ndizo zilizotajwa kuwa kiwango cha chini cha Half-Life: Alyx mwaka 2020. Kwa Quest 2 na Valve Index, nisingeshuka chini ya RTX 3060 ya GB 12 au RX 6600 XT. Kwa Quest 3 au PlayStation VR2 iliyounganishwa na kompyuta, starehe ya kweli huanzia karibu na RTX 4070 au RX 6800, ingawa michezo myepesi kama Beat Saber itaridhika na kadi ndogo zaidi. Miwani kama Vive Pro 2, yenye 2448 kwa 2448 kwa kila jicho, au Bigscreen Beyond yenye 2560 kwa 2560, humeza kila unachoipa, na anayeitaka kwa michezo ya kurusha ndege ajue kwamba ameingia katika daraja la RTX 4080 na kuendelea.

Hapa kuna tahadhari inayostahili mkazo. Mnamo Januari 2025 NVIDIA ilitangaza kwamba RTX 5070 ingetoa utendaji wa RTX 4090, na tangazo hilo lilitegemea fremu za ziada zinazozalishwa na akili bandia. Michezo ya uhalisia pepe kwa kawaida haitumii uzalishaji huo wa fremu. Unapolinganisha kadi kwa ajili ya miwani, tafuta majaribio yaliyofanywa bila fremu za kuzalishwa, la sivyo utanunua namba ambazo hutaziona kamwe ndani ya lenzi.

Mchezo unaanza vizuri, kisha unaganda ghafla kila unapoingia sehemu mpya

Dalili hii hutofautiana na ile ya kwanza. Hapa mchezo ni laini kwa dakika kadhaa, kisha unageuka kuangalia nyuma na picha inasimama kwa robo ya sekunde. Au kuta zinaonekana kama zimepakwa tope kabla ya kupata sura yake. Au katika VRChat, mchezo wa kukutana na kuongea na watu wengine, kila mgeni anapoingia chumbani na umbo lake zito, kila kitu kinaganda. Chanzo cha kawaida ni kumbukumbu ya kadi kujaa. Picha za nyuso za vitu hukaa katika kumbukumbu hiyo, na zinapozidi nafasi, kadi hulazimika kuzichukua kutoka RAM ya kompyuta kupitia njia iliyo polepole mara nyingi zaidi.

Kwa uhalisia pepe ninaiona kumbukumbu kuwa jambo linalopuuzwa kuliko yote. RTX 3060 Ti ina nguvu ya kuchora kuliko RTX 3060, lakini ya kwanza ina GB 8 na ya pili, katika toleo lake la kawaida, ina GB 12. Kwa mtu anayekaa VRChat saa nyingi au anayerusha ndege katika Microsoft Flight Simulator, ningemshauri ile dhaifu yenye nafasi kubwa. Kwa mchezaji wa Beat Saber, ushauri ungekuwa kinyume.

Upana wa njia ya kadi pia huingia hapa. RX 6600 na RTX 4060 hutumia nyuzi 8 tu za PCI Express (njia inayounganisha kadi na ubao mama), na RX 6500 XT hutumia 4. Katika ubao mama mpya wenye PCI Express 4.0 upungufu huo haujulikani sana, lakini ukiichomeka RX 6500 XT yenye GB 4 kwenye kompyuta ya zamani yenye PCI Express 3.0, kumbukumbu ikijaa tu, mgando unaofuata hauvumiliki. Kabla ya kununua, funga kivinjari na programu nyingine zote, kisha utazame kipimo cha kumbukumbu katika fpsVR: mara nyingine GB nzima ilikuwa imeshikwa na kurasa zilizoachwa wazi.

Inakwama, lakini grafu ya kadi imetulia

Prosesa ndiyo inayochelewa. Hali hii ni ya kawaida sana katika michezo ya kurusha ndege, katika mbio za magari yenye wapinzani wengi, na katika vyumba vya VRChat vilivyojaa watu. Angalia kwanza kama RAM imewekwa kipande kimoja au viwili, kwa sababu kompyuta nyingi zinazouzwa zikiwa zimeshaunganishwa huwa na kipande kimoja, na hivyo hutumia nusu tu ya upana wa njia ya RAM. Kuongeza kipande cha pili kinacholingana na cha kwanza ni gharama ndogo kuliko kadi yoyote ya michoro.

Picha ina ukungu na vipande vya mraba, ingawa fremu zote zinafika

Hili ni tatizo la wenye Quest, na linawachanganya wengi kwa sababu grafu zote ni za kijani. Rift, Index na Vive hupokea picha moja kwa moja kutoka tundu la video la kadi. Quest haina tundu hilo. Kompyuta huichora picha, huibana iwe video, huituma kwa kebo ya USB au kwa Wi-Fi, kisha miwani huifumua. Kwa hiyo kadi inayonunuliwa kwa ajili ya Quest inapaswa kuwa na kitu ambacho mwenye Index hahitaji kukifikiria: sehemu imara ya kusimba video.

RX 6500 XT na RX 6400, ambazo bei yake huvutia, hazina kabisa sehemu hiyo ya kusimba. Mtu anaweza kuinunua akaona mchezo unacheza vizuri kwenye kioo cha mezani, kisha akashangaa kwa nini Quest haifanyi kazi ipasavyo; naye muuzaji, akilinganisha majedwali ya nguvu tu, hataona kosa. Kwa mwenye Quest ninaziondoa kadi hizi mbili bila mjadala. Kadi za GeForce, yaani za NVIDIA, kuanzia kizazi cha GTX 10 husimba vizuri kwa mifumo ya kubana video ya H.264 na HEVC. Mfululizo wa RTX 40 na ule wa RX 7000 huongeza usimbaji wa mfumo mpya zaidi wa AV1, ambao Quest 3 inaweza kuufumua na Quest 2 haiwezi. Kwa hiyo mwenye Quest 2 asilipe ziada kwa ajili ya AV1.

Lakini kabla ya kuilaumu kadi, ichunguze njia. Kebo nyingi za kuchajia ni za USB 2.0, zenye kikomo cha megabiti 480 kwa sekunde hata kama ncha zake ni za aina ya C, wakati kebo ya USB 3.0 hubeba gigabiti 5. Kwa Wi-Fi, kompyuta iunganishwe na ruta kwa waya, miwani itumie mawimbi ya 5 GHz, na ruta iwe chumba kile kile unachochezea. Kompyuta na miwani zote mbili zikiwa kwenye Wi-Fi moja, kila fremu husafiri hewani mara mbili, na hakuna kadi inayoweza kulipa fidia ya hilo.

Miwani haionekani, au inabaki giza

Hapa tatizo ni matundu, na ni la kuchunguza kabla ya kununua. Valve Index, Bigscreen Beyond na adapta ambayo Sony ilitoa Agosti 2024 kwa ajili ya PlayStation VR2 zote hudai tundu la DisplayPort. Adapta ndogo za kugeuza HDMI kuwa DisplayPort hazitakusaidia. Zile za bei nafuu hufanya kazi upande mmoja tu, kutoka DisplayPort kwenda HDMI. Rift ya kwanza, kinyume chake, hutumia HDMI.

Laptopu zina mtego wake. Nyingi huwa na michoro ya aina mbili, ile ndogo iliyomo ndani ya prosesa na kadi yenyewe, na matundu ya pembeni mara nyingine yameunganishwa na ile ndogo. Laptopu yenye RTX 4070 ambayo tundu lake la USB-C limefungwa kwenye michoro ya prosesa haiwezi kuendesha Index ipasavyo, hata nguvu yake iwe kubwa kiasi gani. Soma mchoro wa matundu katika kitabu cha mtengenezaji, au fungua paneli ya NVIDIA ambako kila tundu huonyeshwa limeungana na nini. Kwa mwenye Quest mtego huu hauna madhara, kwa kuwa picha yake hupita kama data ya kawaida.

Katika soko la mitumba kuna kadi zinazoitwa P106-100. Ndani yake ni GTX 1060, lakini zilitengenezwa kwa ajili ya kuchimba sarafu za kidijitali na hazina tundu hata moja la video. Usizichukue.

Mwenye HP Reverb G2 ambaye miwani yake ilikufa ghafla baada ya kusasisha kompyuta asitafute kadi. Microsoft iliondoa programu ya Windows Mixed Reality, ambayo miwani hiyo iliitegemea, katika Windows 11 toleo la 24H2, na kubadilisha kadi hakuirudishi.

Kompyuta inajizima katikati ya mchezo

Giza la ghafla, feni zinanyamaza, kisha kompyuta inajiwasha upya kana kwamba umeme umekatika. Mara nyingi ni pawasaplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Kadi za kisasa huvuta umeme kwa mishtuko ya milisekunde chache inayozidi sana kiwango kilichoandikwa kwenye boksi, na pawasaplai dhaifu hujikinga kwa kujizima. NVIDIA inapendekeza wati 550 kwa kompyuta yenye RTX 3060, 650 kwa RTX 4070, 750 kwa RTX 3080 na 850 kwa RTX 4090. Ichukue namba hiyo kuwa ya pawasaplai ya kweli. Zipo nyingi zilizobandikwa "750 W" ambazo uzito wake mkononi tu unatosha kuonyesha kwamba hazina vitu vya kutosha ndani. Kadi yenye viunganishi viwili vya umeme ipewe nyaya mbili tofauti kutoka pawasaplai, badala ya waya mmoja wenye vichwa viwili.

Kwetu Afrika Mashariki ongeza sababu moja: umeme wa ukutani. Volti zikishuka jioni, watu wote wa mtaa wanapowasha pasi na majiko, pawasaplai iliyokuwa ikitosha asubuhi inaweza kushindwa. Ikiwa kompyuta hujizima saa za jioni tu, weka kidhibiti volti kabla ya kufikiria kadi.

Dakika 20 za kwanza ni nzuri, baada ya hapo uzito unaingia

Joto. Kadi nyingi za GeForce hupangiwa kupunguza kasi zinapokaribia nyuzi 83 za Selsiasi, na kumbukumbu za aina ya GDDR6X zilizomo katika RTX 3080 na 3090 hujizuia zikifika 110. Katika chumba cha Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, ambako hewa yenyewe inaingia ndani ya kasha ikiwa na nyuzi 31 au 32, kadi huanza safari ikiwa imekwisha kukaribia ukomo wake, na vumbi likishaziba mapezi ya kupozea, dakika hizo 20 hupungua kuwa 10. Fungua kasha, safisha kwa hewa, hakikisha feni moja ya mbele inaingiza hewa na moja ya nyuma inaitoa. Kisha, kwa kutumia programu ya MSI Afterburner, shusha kikomo cha umeme cha kadi hadi asilimia 85. Utapoteza sehemu ndogo tu ya nguvu, na utapata kadi isiyobadilika kasi kwa saa nzima, jambo ambalo kwa miwani lina thamani kuliko kilele cha dakika tano. Ukinunua mpya kwa mazingira ya pwani, chagua yenye feni mbili au tatu na mapezi manene. Matoleo mafupi ya feni moja yanafaa chumba chenye kiyoyozi.

Kadi mpya haifikii hata nusu ya sifa zake

Huenda siyo kadi uliyodhani. Baada ya sarafu ya kidijitali ya Ethereum kuacha kuchimbwa kwa kadi za michoro Septemba 15, 2022, kadi zilizotumika ziliingia sokoni kwa wingi duniani kote, na nyingi zinazofika Kariakoo au Luthuli Avenue hupitia mikono kadhaa, Dubai ikiwa mojawapo, kabla ya kumfikia mnunuzi. Kadi ya mchimbaji si lazima iwe mbovu. Mara nyingi inahitaji kubadilishiwa pesti ya joto na feni tu. Zinazoumiza ni zile zilizobadilishwa jina. Kuna kadi za mwaka 2010 na 2011, kama GTS 450 na GTX 550 Ti, zilizoandikwa upya ili kompyuta izisome kuwa GTX 1050 Ti au GTX 1060. Programu ya bure ya GPU-Z hutambua nyingi kati ya hizo na kuandika waziwazi kwamba ni bandia.

Nyingine si bandia bali zina majina yanayopotosha. RX 580 2048SP ina vichakataji vidogo 2048 badala ya 2304 vya RX 580 halisi, na kwa kweli ni RX 570. RTX 3060 ina toleo la GB 8 ambalo pia lina njia nyembamba ya kumbukumbu. Kwa upande wa laptopu, RTX 3060 ina GB 6 badala ya 12, na RTX 4060 inaweza kupewa wati 35 tu au hadi 115 kulingana na mtengenezaji, chini ya jina lile lile. Muuzaji anayekuamini atakuruhusu kuichomeka kadi mbele yake, kufungua GPU-Z, kulinganisha idadi ya vichakataji na aina ya kumbukumbu, na kuiacha ikifanya kazi nzito kwa nusu saa. Asiyekuruhusu, mshukuru na uondoke.

Yalikuwa salama hadi draiva iliposasishwa

Rudisha kwanza draiva ya zamani, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi. Kadi za mfululizo wa RX 7000 zilipotoka Desemba 2022, AMD yenyewe iliorodhesha utendaji hafifu katika baadhi ya michezo ya uhalisia pepe kuwa tatizo linalojulikana, na marekebisho yalikuja katika mwaka uliofuata. Waliorudisha kadi zao dukani mwezi wa kwanza walirudisha kadi nzima kwa kosa la programu. Ukibadilisha kutoka AMD kwenda NVIDIA au kinyume chake, futa mabaki yote ya draiva kwa programu ya Display Driver Uninstaller, Windows ikiwa katika hali salama, ndipo uweke mpya. Jaribu pia kuzima upangaji wa kazi za kadi unaosimamiwa na maunzi, uliomo katika mipangilio ya michoro ya Windows. Kwa baadhi ya kompyuta swichi hiyo peke yake huondoa mikwamo midogo inayorudi kila baada ya sekunde chache.

Kila kitu kimepimwa kikawa sawa, lakini kichefuchefu kinabaki

Ikiwa grafu haikuvuka milisekunde 11.1 hata mara moja na bado unaugua, acha kutafuta kadi. Pima umbali kati ya mboni za macho yako na uulinganishe na umbali wa lenzi, kwani lenzi zilizokaa vibaya huchosha macho hata picha ikiwa kamilifu. Katika mchezo, badilisha mwendo wa kuteleza uwe wa kuruka kutoka sehemu hadi sehemu, na mzunguko laini uwe wa hatua za nyuzi 30 au 45. Anza na vipindi vya dakika 10, uvue miwani mara jasho la kwanza linapotokea, wala usijaribu kulishinda, kwa sababu mwili ukilazimishwa kuvumilia hujifunza kuichukia miwani kabla haijavaliwa. Rudi kesho yake, ukiwa umeelekeza feni ya kawaida usoni ikupulizie hewa kutoka upande mmoja usiobadilika.